Chimni ya nyumba ya zamani: inarudisha moshi, inamwaga mchanga, inavuja, na ni lini usiwashe kabisa

Fayaplesi, yaani sehemu ya kuotea moto iliyojengwa ukutani chini ya chimni, huku kwetu ziko sehemu za baridi tu: Lushoto, Mufindi, Njombe, Tukuyu, kule juu Arusha, na ukivuka mpaka ziko Limuru, Molo, Nanyuki, Kericho. Nyingi zilijengwa na walowezi, wamisionari au makampuni ya chai, halafu zikakaa miaka mingi bila moto. Mwingine aliiziba kwa ubao, mwingine akajengea tofali, mwingine akaweka TV hapo mbele. Sasa Juni ikifika baridi inauma, mtu anasema hebu tuifungue hii kitu, anang'oa ubao, anapanga kuni, anawasha, na ndani ya dakika tano watu wote wako nje wanakohoa.

Niseme mapema kabisa, moshi uliojaa sebuleni ndio wenye nafuu, kwa sababu unauona na unazima moto. Wa kuogopa ni ule unaopanda vizuri, sebuleni hakuna harufu, kumbe umepata ufa huko juu ya dari unalamba kenchi, yaani mbao za paa, kimya kimya kila siku. Kwa hiyo usiipime chimni ya zamani kwa kuiwashia moto mkubwa uone itakuwaje. Kagua kwanza, moto baadaye.

Ujue pia unakagua nini. Nyumba za miaka ya 1920 mpaka 1950 ndani ya chimni hazina bomba lolote, ni mawe au tofali zilizopigwa lipu ya chokaa, na kwa Wazungu wenyewe ilikuwa kawaida kuchanganya na samadi ya ng'ombe ili ishike. Uingereza ilikuja kulazimisha bomba la ndani kwenye chimni mpya miaka ya 1960. Na huku bara nyumba nyingi hata mawe yenyewe yameshikanishwa kwa udongo tu, chokaa au simenti ikapitishwa kwa nje kwenye viungo ili ipendeze. Lipu ikishadondoka ndani, moshi unakutana na udongo uliokauka, na udongo ukilowa mvua unashuka wenyewe.

Tafuta tochi kali, kioo kidogo, glovu, barakoa, miwani na ndoo ya chuma. Ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu ukiipata itakusaidia kuliko fundi wawili wanaobishana.

Moshi unarudi chumbani

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote, na mara nyingi chanzo chake ni kidogo.

Kinachoongoza ni njia kuziba. Mbayuwayu, bundi, popo na nyuki wote wanapenda chimni isiyo na moto, ongeza majani ya mikaratusi ya miaka na vipande vya lipu. Weka kioo chini ya koo la chimni, pale njia inapobana juu ya moto, mchana uangalie juu. Ukiona mwanga, vizuri, usipouona usikate tamaa maana chimni nyingi zina kona, hapo ndipo kamera inaingia kazini. Halafu ingiza mkono wenye glovu juu ya koo upande wa nyuma, mara nyingi kuna kibaraza, na kwenye kibaraza hicho ndiko takataka zote zinakojikusanya, unaweza kutoa ndoo nzima na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Kama kuna kile kibati cha kufungia koo, kichezeshe uone kama kinafunguka chote, vingi vimeshika kutu vikabaki nusu.

Popo wakiwa wameacha kinyesi kingi, kinyunyizie maji kwanza kabla ya kufagia na uvae barakoa nzuri, vumbi lake linaweza kubeba fangasi wanaoshambulia mapafu.

Nyuki ni habari nyingine. Simama hapo hapo. Usiwafukuze kwa moto, maana nta inayeyuka inashuka ikiwaka, na nyuki wetu hawana utani, watashuka na hasira zao kupitia pale ulipofungua wewe, yaani sebuleni. Tafuta mrina asali aje usiku. Na hata wakishaondoka hakikisha masega yametolewa yote, kwa sababu nta iliyobaki ukutani inasubiri tu moto wa kwanza.

Kinachofuata ni ubaridi. Chimni iliyokaa bila moto imejaa hewa baridi nzito, na hiyo hewa inakaa kama kizibo. Ukishahakikisha hakuna kiota, sokota gazeti moja, liwashe, lishike juu karibu na koo. Mwali ukivutwa juu, washa kuni zako. Ukifika gazeti la tatu bado moshi unashuka, acha, tatizo siyo ubaridi.

Cha tatu ni nyumba kubanwa, na siku hizi kinaongezeka. Zamani madirisha ya mbao yalikuwa yanapitisha upepo kila mahali, sasa watu wanakarabati wanaweka aluminiamu, wanapiga jipsam juu, jikoni wanaweka feni ya kutoa moshi wa kupikia, halafu wanashangaa fayaplesi imegoma. Moto unataka hewa. Fungua dirisha kidogo upande ule upepo unakotokea, zima na feni ya jikoni, subiri kidogo. Moshi ukikaa sawa basi umeshapata jibu, weka tundu la hewa la kudumu chini karibu na fayaplesi.

Cha nne ni kuni mbichi. Kuni za kuwasha ndani zinatakiwa unyevu chini ya asilimia 20, na hiyo unaifikia kwa kupasua na kukausha miezi sita mpaka mwaka mahali penye paa lakini pembeni pawe wazi. Mikaratusi inachukua muda mrefu. Miwati ikikauka ni kuni nzuri sana. Gonga vipande viwili, vikilia kavu vimekauka, vikilia "bu" rudisha. Na tafadhali usichome nguzo wala mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani nyingi zina aseniki, moshi wake na jivu lake ni sumu.

Ukishapita hapo kwenye vya bei rahisi unaingia kwenye hesabu. Mdomo wa fayaplesi na ukubwa wa tundu la chimni lazima viendane, tundu liwe kati ya moja ya saba na moja ya kumi ya eneo la mdomo. Chukua mdomo wa sentimita 90 kwa 75, eneo lake ni 6,750, kwa hiyo tundu lisipungue 675 hivi, sawa na mraba wa sentimita 26 kwa 26. Watu wengi walipanua mdomo wakati wa ukarabati ili ionekane ya kifahari, na wengine walikuta mdomo ulishapanuliwa na mwenye nyumba wa kabla. Jaribio lake ni la bure: shika kipande cha bati pale juu ya mdomo, ushushe taratibu huku moto mdogo unawaka, pale moshi unapoacha kutoka weka alama. Huo ndio urefu ambao mdomo wako unatakiwa kuwa nao, fundi ajenge au aweke bati la kudumu.

Fayaplesi nyingine zina kina kirefu mno, moto unakaa nyuma kabisa na koo ni pana la kupitisha mtoto. Mwanasayansi Count Rumford alishalieleza hili miaka ya 1790: punguza kina, kuta za pembeni zilaze zifunguke kuelekea chumbani, koo libane mpaka kama sentimita 10 kutoka mbele kwenda nyuma. Moshi unapita kwa kasi na joto linarudi kwa watu. Bado inafanya kazi mpaka leo na tofali zenyewe hazizidi mzigo wa toroli.

Mwisho angalia urefu. Chimni inatakiwa itokeze angalau sentimita 90 juu ya pale inapotoboa bati, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo ilipo. Kutoka sakafu ya moto mpaka juu kabisa isipungue mita 4.5. Kama moshi unarudi siku za upepo tu, tazama miti. Ile mikaratusi iliyopandwa baada ya nyumba kujengwa sasa hivi imeipita paa mara mbili na inaangusha upepo moja kwa moja kwenye tundu. Kofia ya juu inasaidia, kukata matawi kunasaidia zaidi.

Moshi unatokea chumba kingine, au darini

Zima moto sasa hivi, halafu ndio uendelee kusoma.

Nyumba hizi mara nyingi zina fayaplesi mbili zimepeana mgongo, moja sebuleni moja chumbani, na njia zao mbili zinapanda ndani ya chimni moja zikitenganishwa na ukuta mwembamba wa upana wa tofali moja tu. Huo ukuta wa kati ukimwaga udongo wake, moshi wa sebuleni unavuka unashukia chumbani kwa watoto. Hicho ndicho chanzo cha kwanza. Cha pili ni ufa pale chimni inapopita darini, na cha tatu ni matundu ya zamani, mtu aliwahi kuweka jiko la chuma akatoboa chimni, jiko likaondolewa, tundu likazibwa kwa gazeti na lipu nyembamba. Inatokea zaidi ya unavyofikiri.

Kupata mahali penyewe fanya jaribio la moshi. Pasha chimni kwa gazeti kidogo, halafu weka debe lenye nyasi mbichi mbichi juu ya makaa machache litoe moshi mzito. Moshi ukishaonekana juu, mtu aliye juu afunike tundu kwa gunia lililolowa, dakika chache tu, na kila chumba kiwe na mtu mmoja na tochi, mwingine darini, mwingine nje anazunguka. Popote unapofuka weka alama ya chaki. Madirisha yawe wazi, watoto na wazee wasiwepo ndani. Moshi kidogo unaopenya kwenye mawe kwa nje sio jambo la kupigia kelele, ila mkondo unaouona wazi unatoka mahali pamoja ni ufa wa kuziba.

Anayepanda juu ngazi yake ifungwe na awe na kamba. Na kama paa ni la asbesto, hakuna kupanda. Lile bati halikanyagwi, linavunjika ghafla bila kutoa mlio. Wala usilikate au kulitoboa ili kuikagua chimni, vumbi lake ni la saratani, hapo ni kazi ya watu wenye vifaa.

Kama moshi umetokea darini karibu na mbao, kazi ya kujifanyia mwenyewe imeishia hapo. Kati ya ukuta wa chimni na mbao yoyote inatakiwa nafasi ya sentimita 5 angalau, lakini mafundi wa zamani wakati mwingine walichomeka ncha ya boriti ndani ya chimni kabisa. Mbao inayopashwa moto miaka na miaka inabadilika, inafika mahali inashika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ukiona boriti imekuwa nyeusi au ya kahawia iliyoungua pale inapogusa chimni, usiwashe tena mpaka ikatwe na kushikiliwa kwa namna nyingine, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua mzigo wa paa umekaa wapi.

Mchanga, vipande vya lipu au tofali vinaanguka kwenye fayaplesi

Hii ndiyo dalili halisi ya njia ya moshi iliyoharibika, na ndipo pesa inapoenda.

Anza chini. Chukua msumari ukwangue kwenye viungo. Ukizama kwa nguvu ya kidole, udongo umekufa. Ukigoma, kiungo bado kizima hata kama kinaonekana kichafu. Panda nao kadiri mkono unavyofika, halafu kamera iendelee. Unachotafuta ni kujua uharibifu uko wapi: kwenye sanduku la moto tu, kwenye sehemu unayoifikia, au njia nzima. Kila moja ina dawa yake.

Kwanza lakini jambo ambalo utagombana na fundi wako. Atakuja na mfuko wa simenti. Mkatalie. Simenti tupu ikipashwa joto kali inapoteza maji yaliyoishikilia, inalegea, na kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe la jirani yake inapasuka na kung'oka na kipande cha jiwe. Utaona imeshika vizuri wiki ya kwanza, baridi ya pili iko sakafuni.

Kwenye sanduku la moto na mita moja hivi ya juu yake tumia matofali ya moto na udongo wake unaostahimili joto. Kama hujui pa kuvipata, ulizia mafundi wanaotengeneza boila za viwanda vya chai, au wajenzi wa oveni za mikate, hao wanavitumia kila mwaka na wanajua vinapouzwa. Kiungo kiwe chembamba, milimita chache tu, kiungo kinene cha udongo wa moto kinapasuka. Tofali la nyuma lenye ufa mwembamba usiopitisha shilingi linaweza kubaki, lililovunjika au linalocheza litolewe.

Juu ya hapo tumia chokaa ya kujengea na mchanga safi wenye chembe kali, fungu moja kwa matatu. Chokaa iwe mpya, ile iliyokaa wazi stoo tangu mwaka jana imeshakufa, utapaka utasubiri haitashika. Kwangua kiungo kirudi nyuma sentimita mbili au zaidi, fagia vumbi, lowesha, jaza, kandamiza. Halafu kitu ambacho kila mtu anaruka: funika kwa magunia mabichi siku kadhaa isikauke haraka, na usiwashe moto kwa wiki kadhaa. Chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa, haina haraka, na moto wa mapema unaikausha kabla haijashika.

Uharibifu ukiwa njia nzima huwezi kuufikia kwa mkono, na hapo machaguo ni matatu. Kuna kutoboa madirisha kwenye ukuta wa chimni kila baada ya mita moja hivi, fundi anaingiza mkono anajaza na kupiga lipu upya halafu anafunga, ni kazi chafu na ya polepole ila vifaa vyote vinapatikana hapa hapa. Kuna kuibomoa kuanzia juu mpaka pale palipo pazima na kujenga upya, na kwa nyumba iliyojengwa kwa udongo hii ndiyo ninayoipendelea kwa sehemu ya juu ya paa, maana huko ndiko mvua imekula. Na kuna kushusha bomba la chuma cha pua ndani.

Bomba lina masharti. Liwe stenlesi ya daraja la 316, hizi za kawaida za mapambo ya geti hazidumu na moshi wa kuni. Usikubali bomba la bati lenye zinki hata fundi akikuapia, zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu. Lizungushiwe kitu cha kuhifadhi joto, kwa sababu bomba la baridi linagandisha masizi. Na rudi kwenye hesabu ya mwanzo: bomba la sentimita 20 lina eneo la 314 tu, ukiliweka kwenye mdomo wetu wa 90 kwa 75 chumba kitajaa moshi kila siku na utamlaumu fundi bure.

Hapa nina maoni yangu. Kama chimni imeoza njia nzima na hela haitoshi, weka jiko la chuma lenye mlango mbele ya fayaplesi, bomba lake la sentimita 15 lipande ndani ya chimni ya zamani mpaka juu. Fayaplesi ya wazi joto lake kubwa linaenda angani hata ikiwa nzima, kwa hiyo huibi kitu. Unapoteza sura ya moto wa wazi, unapata chumba chenye joto kwa kuni chache.

Madoa ya kahawia na unyevu kwenye ukuta wa chimni

Angalia doa liko wapi. Likiwa pale dari inapokutana na chimni na linaongezeka baada ya mvua, bati la kuzibia kati ya paa na chimni limeachia, na hicho ndicho chanzo cha kawaida. Likiwa linashuka kutoka ndani, kichwa cha chimni hakina kofia au zege lake la juu limepasuka. Likiwa katikati ya ukuta, la kahawia, linanata kidogo na lipo hata kiangazi, hayo ni masizi yaliyochanganyika na maji yakapenya ukutani, na ni ushahidi kwamba lipu ya ndani hapo haipo. Moshi ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi unaanza kuacha lami ndani ya njia, na kuni mbichi kwenye chimni baridi ndiyo njia ya uhakika ya kuitengeneza.

Kupaka rangi juu ya doa ni kazi bure, litarudi. Rekebisha maji kwanza, ng'oa lipu iliyolowa, acha ukuta ukauke, piga lipu ya chokaa. Kuna pia nyumba ambazo fayaplesi ilizibwa kabisa juu na chini, chimni ikakosa hewa ikalowa kwa ndani, ukifungua tu na kuiacha ipumue mwezi mmoja nusu ya unyevu inaondoka yenyewe.

Harufu bila moto

Inazidi msimu wa mvua. Masizi yaliyolowa, mnyama aliyefia ndani, au kinyesi cha popo. Safisha, weka kofia yenye wavu juu. Haihitaji zaidi ya hapo.

Kichwa cha chimni kimeinama au kina ufa

Simama mbali nje ushushe timazi kwa jicho. Ufa unaofuata viungo na mawe bado yamekaa mahali pake unaweza kusubiri kiangazi. Ufa unaokata jiwe, au kichwa kilichoinama, usiwashe na usiruhusu mtu kukaa chini yake.

Mara nyingi ni mvua inayopiga upande mmoja miaka yote, upande huo viungo vinavimba na chimni inalala kwenda upande wa pili. Ila tukumbuke tunaishi juu ya bonde la ufa. Tetemeko la Subukia la Januari 1928 lilikuwa la ukubwa wa 6.9, lile la Rukwa la Desemba 1910 lilifika 7.4, na tangu hapo madogo hayajawahi kukoma. Chimni ni mzigo mrefu mwembamba unaosimama peke yake juu ya paa, kwa hiyo ndiyo inayokatika kwanza, na inakatikia usawa wa bati au chini kidogo, ndani ya dari, ambako kutoka nje huoni chochote. Nyumba ikiwa na nyufa za tetemeko kwenye kuta nyingine, panda darini ukague hapo hata kama juu panaonekana sawa. Kubomoa kichwa kilichoinama sio kazi ya vijana wawili na kamba, ita fundi mwenye jukwaa.

Ngurumo ndani ya chimni, cheche juu

Lami ya moshi imeshika moto. Ndani humo joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Toa watu wote, piga zimamoto, Tanzania ni 114, Kenya 999, funga kibati cha koo kama unakifikia bila kuungua, kuni zilizo chini zifunikie mchanga au jivu. Usimwage maji kutoka juu, mvuke wa ghafla unaipasua chimni vipande. Hata ukizimika wenyewe, na mara nyingi huwa unazimika, fayaplesi hiyo haiwashwi tena mpaka njia nzima ikaguliwe, kwa sababu hata kama lipu ilikuwa nzima jana leo ina nyufa.

Kuzuia ni kusafisha. Brashi ya waya yenye upana wa njia, mara moja kwa mwaka kabla ya baridi, mara mbili kama unawasha kila siku. Ile mbinu ya kushusha matawi na jiwe kwa kamba inang'oa masizi na lipu pamoja. Masizi ya unga yanatoka kwa brashi, ya magamba yanatoka kwa shida, lakini ukikuta yamekuwa meusi yanang'aa yamegandamana ukutani usihangaike nayo, hiyo ni kazi ya fundi.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu moto ukiwaka

Kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, ni ile ile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa chumbani. Ukiona watu wawili au zaidi wanalalamika kichwa kwa wakati mmoja na wakitoka nje wanapata nafuu, usitafute malaria. Toka wote, fungua kila kitu, nenda hospitali useme wazi kulikuwa na moto ndani. Kuna vifaa vidogo vya kengele ya gesi hiyo, tafuta kimoja hata kama ni cha kuagiza, kiweke chumba chenye fayaplesi na kingine chumba cha kulala kilicho nyuma yake. Na usilale moto ukiwa unafuka, wala usifunge koo la chimni makaa yakiwa bado mekundu ili "joto lisitoke", hapo ndipo gesi inapokuwa nyingi zaidi.

Fundi, halafu moto wa kwanza

Muulize fundi chokaa anachanganya vipi na anaifunika siku ngapi. Akicheka akasema simenti inatosha, mshukuru umlipe nauli. Akikwambia atapiga picha ndani kabla na baada, huyo mpe kazi. Usikubali ufungwe ukuta au dari kabla hujarudia jaribio la moshi na alama zote za chaki zikiwa kavu.

Wiki zikishapita, washa moto mdogo wa vijiti kwa saa moja, uache upoe kabisa. Kesho yake mkubwa kidogo. Endelea hivyo siku kadhaa maana ukuta bado una maji, ukiwasha magogo siku ya kwanza unayachemsha na kazi yote inafunguka. Jivu litoe kwa ndoo ya chuma yenye mfuniko uliache nje mbali na ukuta, makaa yanaweza kubaki hai ndani ya jivu kwa siku kadhaa. Na siku ya kwanza ya moto kamili, ukiwa umewaka kama saa mbili, panda darini na tochi uweke kiganja kwenye ukuta wa chimni, pande zote unazofikia na hasa karibu na mbao. Ukiwa wa vuguvugu, sawa. Ukishindwa kuacha kiganja hapo kwa sababu panaunguza, shuka uzime.